Siku Injini Zilipozimwa

Kigera, Musoma
4 Februari 1990

Kaka yangu Alfonce,

Shikamoo. Hapa kwangu tuko wazima, isipokuwa Felisian ana jino linalomsumbua na hataki kwenda kung'olewa. Mwalimu mzima, mume wa mtu, anaogopa koleo. Mama nilimwona Jumapili iliyopita kule Mwitongo. Mtama wake umesimama vizuri, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Anakuulizia. Anasema basi lako analisikia likipanda kutoka Makutano kabla hajaliona, naye huacha jembe akasimama mpaka lipite. Wifi Ghati mwambie kitenge nimekipata, ila si rangi aliyoitaka.

Sasa nikueleze jambo la kazi, maana nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia stendi. Kamati ya afya ya halmashauri imenipa kazi ya kushughulikia moshi wa magari hapa mjini. Unaijua kliniki ya mama na mtoto, ile iliyopakana ukuta na stendi. Muuguzi mkuu pale ni Selestina, mama mmoja mpole lakini akishika jambo haliachi. Aliandika kwa kamati kwamba madirisha yote ya upande wa stendi ameyafunga kwa misumari. Wakiyafungua, moshi wa mabasi unaingia mpaka kwenye vitanda vya wazazi. Wakiyafunga, joto linawaumiza watoto. Nilikwenda kuona mwenyewe. Nilimkuta mama amemfunika mtoto wa siku mbili kwa khanga yenye maji ili apate kuvuta hewa. Nilipotoka nje, leso yangu ilikuwa nyeusi puani.

Mabasi yanakaa pale asubuhi nzima yakingoja abiria, na injini hazizimwi. Tunataka kuweka agizo kwamba basi likifika stendi lizime injini mpaka saa ya kuondoka. Halafu tutakuwa tunapima moshi wa kila gari, na lile linalotoa moshi mzito litapewa muda wa kutengenezwa. Mwenyekiti wa kamati yetu, Diwani Wenceslaus, ameniuliza kama kuna mwenye basi ninayemfahamu anayeweza kutusemea kwa wenzake. Nikasema ninaye kaka.

Kaka, basi lako nalo lina moshi. Nakuambia mimi, asije akakuambia mtu mwingine.

Ni mdogo wako,
Dafroza


Bunda
25 Februari 1990

Mdogo wangu Dafroza,

Marahaba. Barua yako niliipata kwa mkono wa kondakta wangu, nikaiweka mfukoni, nikaisoma mara ya kwanza, nikaisoma tena. Ghati anasema kitenge kilete hivyo hivyo. Watoto hawajambo, yule mkubwa amechaguliwa kiranja. Mwambie shemeji Felisian jino ling'olewe, mimi langu nililingoja mpaka shavu likawa kama la mtu mwenye embe mdomoni.

Kuhusu hilo la moshi. Mimi sina elimu yako, lakini nina kumbukumbu. Wewe ulikuwaga chuoni mwaka wa themanini na tatu, mimi nilikuwa nyumbani. Petroli hakuna, dizeli hakuna, gari la kijiji limekaa juu ya mawe kwa kukosa tairi. Ukitaka kwenda Musoma unatembea. Mgonjwa anabebwa kwa baiskeli. Unajua ni nani alibebwa kwa baiskeli, na unajua alifika wapi. Sitaki kuliandika.

Leo biashara imefunguliwa. Mtu anaweza kununua basi kuukuu kutoka nje, akalipaka rangi, akabeba watu. Mama wa Butiama anapanda asubuhi, anauza kuku wake Musoma, jioni yuko nyumbani. Watu wanapiga makofi wakiona basi. Halafu halmashauri inasema basi linanuka. Sasa mnataka tuegeshe, turudie miguu?

Kwa wenzangu siwezi kukusemea. Mwenyekiti wetu wa wenye mabasi ni Silasi, na Silasi akisikia neno agizo anavaa koti lake anakwenda kugombana. Mimi nimekaa kimya, na wewe ungekaa kimya.

Mama nitampelekea chumvi wiki hii.

Kaka yako,
Alfonce


Kigera, Musoma
30 Machi 1990

Kaka Alfonce,

Shikamoo. Jino limeng'olewa. Felisian alilala kitandani siku nzima kama aliyepigwa na ng'ombe. Mama amepata chumvi yako, anashukuru. Mvua zimeanza huku, na sato wamepanda bei kwa sababu watu hawaingii ziwani.

Yule usiyetaka kumwandika, mimi pia ni dada yangu. Sitasema zaidi ya hapo.

Lakini kaka, sikusema mabasi yaondoke. Nilisema injini zizimwe.

Nikueleze yaliyotokea kwenye kikao. Sina mashine ya kupimia hewa, na hata ningeiomba, ingekuja nikiwa nimestaafu. Basi nilikata shuka jeupe vipande, nikavitundika ukutani sehemu mbalimbali: kliniki, sokoni, shuleni kwa Felisian, na kimoja Nyasho kwenye nyumba iliyo mbali na barabara kubwa. Kila Jumamosi nilivitoa nikaweka vingine. Kwenye kikao cha kamati nikavitandaza mezani. Cha Nyasho kilikuwa na uchafu kidogo tu. Cha kliniki, Diwani Wenceslaus alikiinua kwa ncha ya kalamu kama mtu anayeinua panya.

Mhandisi wetu akasema, "Hilo ni vumbi. Barabara hazina lami, vumbi litakosekanaje?" Alisema kweli, hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo. Nikaomba beseni la maji na sabuni, wakacheka, lakini likaletwa. Tukafua mbele yao. Cha shuleni kilitoa maji ya udongo mwekundu, kikarudi cheupe. Cha kliniki tulisugua mpaka mhandisi mwenyewe akakunja mikono ya shati akanisaidia. Kilibaki cheusi, na kinateleza kama chungu kilichotoka motoni. Vumbi linatoka kwa maji. Masizi ya dizeli hayatoki.

"Na haya ndiyo yanayoingia kifuani mwa mtoto?" mhandisi akauliza. Alipiga kura ya kwanza ya kukubali.

Baraza zima la madiwani limepitisha. Sheria ndogo yenyewe lazima ipelekwe kwa waziri aipitishe, na hiyo itachukua muda wake. Lakini stendi ni mali ya halmashauri, kwa hiyo agizo la stendi linaanza mwezi wa tano. Nilitaka ulijue mapema.

Dafroza


Bunda
20 Aprili 1990

Dafroza,

Sisi wazima. Mama anahitaji jembe, lile la zamani mpini umevunjika. Nitalishughulikia mimi.

Wenye mabasi wamekutana chini ya Silasi. Nilikuwepo. Sikusema kitu.

Pasaka njema iliyopita.

Alfonce


Kigera, Musoma
17 Juni 1990

Kaka Alfonce,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Watoto wako walipokuja likizo walinifurahisha, na yule kiranja anatoa amri hata kwa kuku wangu. Wifi Ghati nimemtumia dagaa kavu, wale wa Mwigobero wasio na mchanga.

Nitakuambia ukweli wa mambo. Agizo halifanyi kazi. Siku ya kwanza nilisimama stendi na kofia yangu ya kazi, watu wakaniita "Bwana Afya" kama kawaida yao, wamegoma kabisa kuniita Bibi. Basi la kwanza liliingia, nikamwomba dereva azime. Akanitazama, akarudi nyuma, akatoka stendi. La pili vilevile. Mpaka saa sita mabasi yote yalikuwa yanazunguka mji polepole, yakipita Nyasho, yakirudi sokoni, injini zinanguruma, moshi unasambaa kwenye nyumba ambazo hazikuwa nao. Kipande changu cha Nyasho, kile kilichokuwaga safi, sasa ni cheusi. Nimewapelekea watu wa Nyasho moshi kwa agizo langu mwenyewe.

Nikajiuliza kwa nini. Mtu anachoma dizeli bure akizunguka mji, dizeli yenyewe ya kutafuta kwa madumu. Ni ukaidi tu? Silasi ni mkaidi, lakini si wote ni Silasi.

Halafu nikakumbuka Pentekoste, tulipokwenda kwa Mama na basi lako. Mbele ya nyumba ya Mama kuna uwanja sawa, mkavu, unaotosha mabasi mawili. Wewe ulipita, ukaenda kuegesha kule juu kwenye mteremko, ukaweka mawe kwenye magurudumu, tukatembea tukirudi mvuani na gunia la muhogo begani mwako. Mama alikusema. Ukajibu kwamba pale mbele pana tope. Hapakuwa na tope, kaka.

Naomba unijibu jambo moja. Basi lako likizimwa mahali pa sawa, linawaka tena?

Mdogo wako,
Dafroza


Mwitongo, Butiama
20 Agosti 1990

Kaka Alfonce,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda cha Mama, na barua hii ataichukua katekista anayekwenda Bunda kwa baiskeli. Mama hajambo. Amevuna, na jembe lako jipya anaingia nalo hadi ndani lisije likaibiwa.

Hujanijibu tangu mwezi wa sita. Mwanzoni nilidhani barua imepotea. Kisha kondakta wako akaniambia alikukabidhi mkononi.

Nimekwama huku. Nilikuja Ijumaa kumwona Mama, na Jumamosi wenye mabasi wakaanza mgomo. Hakuna basi linaloingia Musoma wala kutoka. Nasikia wameyapanga barabarani karibu na stendi, hakuna gari kubwa linalopita. Nasikia Silasi amesema halitatembea hata moja mpaka agizo lifutwe, na Bwana Afya, yaani mimi, ahamishwe. Jana kanisani mwanamke mmoja wa hapa kijijini, ambaye kuku wake wamekaa kwenye tenga tangu Jumamosi, alinisogelea akaniambia, "Wewe ndiye umeturudisha kule kwenye kutembea kwa miguu." Nilikuwa nimekaa miguuni kwa mama yangu, nami nimekwama kama yeye.

Mama hajui mambo ya halmashauri, ila alisema jambo. Alisema, "Alfonce hajawahi kunidanganya isipokuwa akiwa anaona aibu."

Agizo tuliliandika ofisini bila kumuuliza hata dereva mmoja kwa nini hazimi. Hilo nitalisema kwenye kikao, wanihamishe au wasinihamishe. Lakini moshi sitaufuta kwenye karatasi. Wale watoto wapo pale ukutani.

Kama uko kwenye mgomo, sikulaumu. Niambie tu kwamba uko mzima.

Dafroza


Bunda
23 Agosti 1990

Mdogo wangu mpendwa Dafroza,

Marahaba, marahaba. Katekista alinikuta natoka Musoma, nimechoka, mikono ina grisi mpaka kwenye kiwiko. Ghati hajambo, watoto hawajambo, mimi niko mzima. Najua utakuwa umeshasikia habari vipande vipande. Nataka uzipate zote kwangu.

Jibu la swali lako la mwezi wa sita ni hili: haliwaki. Betri ilikufa zamani, stata ya kuwashia imelika meno. Nikizima mahali pa sawa, bila watu wa kusukuma silitoi. Ndiyo maana nilikuwaga naegesha mteremkoni. Unaandikaje hilo kwa mdogo wako, ofisa, anayekusifu kwa watu kwamba ana kaka mwenye basi? Nilikaa kimya. Na kwenye mikutano ya Silasi kila mtu alisema hatuzimi kwa sababu hatuamrishwi. Hakuna aliyesema hatuzimi kwa sababu haziwaki. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Sasa sikiliza. Siku ya Jumanne nilitoka Bunda na basi tupu kwenda Musoma kwenye mkutano wa mgomo. Pale Makutano nikaona mwanaume anasukuma baiskeli, mkewe amekaa kwenye keria, ameshika tandiko kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Mwanaume anaitwa Keraryo, mke Marcelina. Walikuwa wametoka mbali tangu alfajiri, uchungu umemshika, na mabasi hakuna.

Dafroza, nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Dada yetu Ursula alikaa hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyesukuma, naye hakufika. Sasa nimeliandika.

Tukambeba, tukamlaza kwenye kiti cha nyuma. Keraryo aliuliza kama sitapigwa na wenzangu. Nikamwambia ashike mkono wa mkewe.

Kuingia Musoma, mabasi yamezuia barabara ya hospitali, mengine yananguruma papo hapo, moshi umetanda kama mtu anachoma shamba. Silasi akaja na koti lake. "Alfonce, umebeba abiria?"

"Nimebeba mgonjwa. Nipishe."

Akachungulia dirishani. Akaona. Akageuka kuwaamuru wasogeze, lakini kusogeza mabasi yaliyobanana vile si kazi ya dakika moja, na Marcelina alikuwa ameanza kupiga kelele. Ndipo yule muuguzi wako Selestina alipotoka kliniki na aproni yake. Akapanda ndani, akamtazama mara moja, akasema, "Huyu hafiki hospitali. Ateremke hapa kwangu." Akamshusha na wenzake wawili. Mlangoni akageuka. Sauti hakuipandisha. "Mimi sizalishi mtu ndani ya moshi huu. Zimeni."

Watu wote wakanitazama, maana basi langu ndilo lililokuwa limegusa ukuta wa kliniki, ekzosi imeelekea dirishani. Pale ni sawa kama meza. Nilijua nikizima, litabaki pale na aibu yangu itaonekana na mji mzima. Mkono ulikaa kwenye ufunguo. Nikazima.

Hujawahi kusikia kimya kama kile. Silasi akanitazama, akaenda kwenye basi lake, akazima. Akapaza sauti kwa wengine wazime. Nikasikia moja linakatika, na jingine, na jingine kule nyuma, mpaka stendi nzima ikanyamaza, tukaanza kusikia kunguru. Ndani nikasikia nyundo. Walikuwa wanang'oa misumari ya madirisha. Tulikaa chini, madereva na makondakta. Keraryo alisimama ukutani, paji la uso limegusa tofali.

Mtoto alipolia, tulimsikia wote. Yaani mji mzima wa Musoma ulimsikia. Mwanaume mmoja mwenye basi la Tarime, mtu mkubwa, alianza kupiga makofi, tukapiga wote. Selestina akatoa kichwa dirishani, dirisha lililofunguliwa, akasema ni wa kiume na mama yake yuko salama.

Baada ya hapo ikabidi tuondoke. Nikapanda, nikageuza ufunguo, kimya. Nikashuka. Nikasema mbele yao, "Langu haliwaki. Mnisaidie kusukuma."

Silasi akatazama chini. Akasema, "Hata langu."

Yule wa Tarime akasema hata lake. Kumbe zaidi ya nusu yetu hatuna stata. Miezi yote ile tunagombana na halmashauri, kila mmoja anaficha la kwake. Tulicheka mpaka Silasi akakaa kwenye ngazi ya basi akifuta macho. Kisha tukaanza kusukuma, moja baada ya jingine, na watu wa sokoni wakaja, na wale mama wa kliniki waliokuja kupima watoto wakaja nao, khanga zimefungwa kiunoni. Silasi alisukuma amevaa koti.

Jioni Diwani Wenceslaus akaja. Tulimwambia hivi: tutazima. Hatubishani tena juu ya kuzima. Ila tupeni mahali penye mteremko pa kungojea, basi liwake lenyewe kwa kuserereka. Stendi libaki basi linalopakia tu. Akasema atalipeleka barazani, lakini anataka na Bibi Afya awepo. Mgomo tumeufuta.

Barua hii anarudi nayo katekista leo, na kesho nakwenda Mwitongo kukuchukua. Ujiandae mapema. Nitaegesha mteremkoni na hutaniuliza kwa nini.

Kaka yako,
Alfonce


Kigera, Musoma
28 Oktoba 1990

Kaka Alfonce,

Shikamoo kaka yangu. Wote wazima. Felisian anafundisha darasa la saba kupima uchafu wa vitambaa na sasa kila mwanafunzi ana kitambaa chake, mama zao wananilalamikia mimi kuhusu mashuka.

Niliposoma barua yako ile nilikuwa bado Mwitongo. Nilimsomea Mama. Nilipofika penye jina la Ursula, aliweka mkono juu ya karatasi, kisha akasema niendelee. Ulipofika asubuhi kunichukua, uliona jinsi alivyokushika.

Sasa habari ya baraza. Nilisema kama nilivyokuahidi, kwamba agizo la kwanza tuliliandika bila kuuliza, na likapeleka moshi Nyasho. Nilidhani nitazomewa. Diwani mmoja akasema ni mara ya kwanza anamsikia ofisa akisema hivyo tangu serikali irudishe halmashauri. Kisha Silasi akapewa nafasi, akaeleza habari za stata bila kuona haya, madiwani wakacheka pamoja naye.

Mhandisi ametafuta kiwanja na amekipata: ile yadi ya zamani ya pamba nje ya mji, iliyoachwa, ardhi yake inateremka vizuri. Alikwenda mara nyingi na mimi, asubuhi na mchana, tukichoma nyasi mbichi kidogo kuona moshi unaelekea wapi. Upepo wa ziwa unauchukua kwenda porini, hauji kwenye nyumba. Sasa mabasi yanangojea pale, injini zimezimwa, na ikifika zamu yake basi linaserereka, linawaka, linakuja stendi kupakia na kuondoka. Barabara ya kutoka pale inamwagiwa maji asubuhi na gari la halmashauri, ili tusiondoe masizi tukaleta vumbi.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunapima moshi. Nina kadi yenye vivuli kutoka weupe hadi weusi kabisa. Dereva anakanyaga mafuta, mimi nasimama pembeni na trafiki, nalinganisha moshi na kadi. Likivuka kivuli cha katikati, linapewa mwezi mmoja, na fundi anaandikiwa cha kuangalia: nozeli, pampu, chujio la hewa, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwezi wa kwanza mengi yalishindwa. Mwezi huu mengi yamepita. Silasi huja kutazama hata siku ambayo basi lake halipimwi, anawashangilia wanaopita kama yuko uwanjani.

Kipande cha ukuta wa kliniki nilikitoa jana. Nilikifua mwenyewe nyumbani. Kaka, kilitoka udongo mwekundu, kikabaki cheupe. Nilikianika nikakaa kukitazama mpaka Felisian akauliza kama nimeumwa.

Marcelina alileta mtoto kuchanjwa. Amenenepa, anavuta nywele za kila anayeinama. Nilitegemea wangempa jina lako. Wamemwita Masatu, jina la baba mkwe wake.

Na waziri amerudisha sheria ndogo yetu. Imepitishwa.

Mdogo wako mwenye furaha,
Dafroza


Bunda
20 Januari 1991

Mdogo wangu Dafroza,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Mama tulikuwa naye huku Krismasi, alikula sangara akasema hana ladha ya wale samaki wadogo, furu wa zamani. Ghati amekivaa kile kitenge, na kila anayekiona anaulizia kilikotoka, kwa hiyo rangi imesamehewa.

Nina habari, na safari hii ni ya huku kwetu Bunda.

Unajua barabara kuu inavyopita katikati ya mji wetu, na malori ya pamba msimu ukifika yanavyopanga foleni mbele ya shule yakisubiri kushusha. Walimu wanafunga madirisha, watoto wanasoma gizani. Nimepita pale miaka yote, sikuwahi kuona. Mwezi wa kumi na mbili nilipita, nikaona.

Nikaenda ofisi ya halmashauri yetu, nikaomba nafasi kwenye baraza la madiwani. Karani akaniuliza ninawakilisha nani. Nikasema wenye mabasi. Akadhani nimekuja kulalamika.

Siku yenyewe Ghati alinipigia pasi shati. Mimi, Dafroza, ambaye hata harusini kwangu niliomba mwingine aseme. Nikasimama. Nikawaambia mimi ni mwenye basi, na basi langu lilikuwa linatoa moshi kwenye dirisha la wazazi, na nilikuwa naona aibu kusema kwa nini. Nikawaambia habari za yadi ya mteremko, na vitambaa, na kadi ya vivuli. Nikasema magari tuliyataka kwa machozi, na bado tunayataka, ila si lazima watoto wetu walipe kwa vifua vyao. Nikakaa.

Diwani mzee wa upande wa ziwa akauliza, "Haya yote umefundishwa na nani?"

Nikasema, "Na mdogo wangu. Ni Bwana Afya wa Musoma."

Wakacheka, kisha wakapiga kura. Mikono ilinyanyuka yote. Malori yatangojea uwanja wa nyuma, mbali na shule, na upimaji unaanza. Wameniweka kwenye kamati, na wanakuomba kwa barua rasmi uje kuwafundisha maofisa wetu wa afya. Barua itakufikia ofisini, usishtuke.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Nilisema lianze langu. Lina betri mpya sasa, na stata aliyoitengeneza fundi wa hapa, na nozeli zimesafishwa. Nikaliegesha katikati ya mji, mahali pa sawa kabisa, mbele ya soko. Nikazima. Watu wakakusanyika, hata madereva wa malori walioapa kwamba hawatapimwa. Nikageuza ufunguo, likawaka mara moja. Ofisa akainua kadi. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikashika usukani, macho kwenye kioo cha pembeni. Nilikuwa namwona ofisa anatazama ekzosi, anatazama kadi, anatazama ekzosi tena. Nikasikia watu wa sokoni wanaanza kupiga vigelegele kabla yeye hajafungua mdomo.

Limepita, mdogo wangu. Na dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu akawasha, akasogea mbele.

Kaka yako,
Alfonce Nyamhanga